Kabla Hujalivisha Gari Lako Filamu: Maandalizi kwa Mwenye Gari wa Mtwara

Ukilifuata lori la makaa ya mawe linaloshuka kutoka Ruvuma kwenda bandarini Mtwara, utaelewa kwa nini watu wameanza kuulizia ile filamu angavu ya kulinda rangi, PPF kama mafundi wanavyoiita. Kokoto moja tu kutoka kwenye tairi lake inatosha kuacha kidonda kwenye boneti. Filamu yenyewe ni plastiki inayovutika, ya jamii ya poliyurethani, yenye unene wa maikroni 150 hadi 200 hivi (maikroni elfu moja ni milimita moja). Iliyo bora hujifuta mikwaruzo midogo ikipigwa na jua. Ile ya bei poa ya PVC haina uwezo huo, tena jua letu huigeuza manjano mapema. Kwa hiyo muulize muuzaji imetengenezwa kwa kitu gani kabla ya kuuliza bei.

Lakini kuuliza bei si hatua ya kwanza hata kidogo. Kwanza ijue rangi ya gari lako. Magari yetu mengi yamekuja kutoka Japani yakiwa yameshatumika, na mengine yamepita kwa fundi rangi wa hapa kabla hayajafika kwako. Rangi ya kiwandani aghalabu huwa na unene wa maikroni 100 hadi 150. Kipimo cha rangi kikionyesha 300 au 600 mahali fulani, hapo pamerudiwa rangi, na huenda kuna puti, ile lipu ya kuziba mabonde ya bodi, chini yake. Hilo halikuzuii kubandika, ila ujue kwamba siku ya kubandua, gundi inaweza kuondoka na rangi iliyoshika vibaya.

Nasema hivyo kwa sababu yalinikuta. Bampa langu la mbele lilipigwa rangi, na baada ya wiki moja nikabandika filamu, kwa kuwa fundi alinihakikishia imekauka. Ilikuwa imekauka juu tu. Vimumunyisho, yaani vile vimiminika vya kuyeyushia rangi, vilivyobaki ndani vikakosa pa kutokea, malengelenge yakajaa, na nilipoivuta filamu, rangi ikaja nayo mpaka kwenye plastiki. Tangu hapo, rangi mpya naipa siku 30 kwa uchache, na zikifika 60 nalala usingizi zaidi.

Jambo la pili ni usafi, na hapa simaanishi kuoshwa na vijana wa barabarani kwa ndoo na sabuni ya unga. Chochote kitakachobaki juu ya rangi kitafungiwa humo kwa miaka. Anayeegesha Shangani au Mikindani ana chumvi ya bahari; anayeegesha chini ya mkorosho ana utomvu na maji ya mabibo. Osha kwa shampuu ya gari, toa lami na chembe za chuma kwa dawa zake, kisha pitisha ule udongo maalumu wa kusafishia rangi. Kujua kama pamekuwa safi, vaa mfuko wa nailoni mkononi, ule wa mkate (maana rambo zilipigwa marufuku mwaka 2019), na upapase boneti. Ukihisi chenga, bado. Mikwaruzo inayoonekana ipigiwe polishi kabla, kwa sababu filamu haiifichi. Mwisho futa kwa spiriti ili mafuta yote yaondoke, na usipake nta yoyote.

Maji nayo yaangalie. Fundi hupulizia maji yenye matone machache ya shampuu ya watoto ili filamu iteleze mpaka ikae mahali pake, halafu huyasukumia nje. Maji ya kisima cha pwani yenye chumvi yatakuachia madoa ambayo huwezi kuyafikia tena. Maboksi mawili ya maji ya kunywa ni gharama ndogo sana ukilinganisha na filamu yenyewe.

Kuhusu msimu, kuna mtego. Gundi hupenda ubaridi wa kadiri, kama nyuzi 18 hadi 25, maana kwenye bati la moto inanata kabla hujairekebisha. Kwa hesabu hiyo Juni hadi Agosti ndiyo miezi yake. Ila ndiyo miezi ya kupulizia salfa mikorosho, na kusi inavuma! Unga ule wa manjano hauna adabu. Unaingia hata kabatini. Mimi ningechagua mwishoni mwa Aprili au Mei, mvua zikiisha na salfa haijaanza. Miezi yoyote ile, kazi ifanyike ndani ya chumba kinachofungika, sakafu ikiwa imemwagiwa maji, feni imezimwa, alfajiri gari likiwa limelala kivulini. Fundi akikwambia atabandika chini ya mwembe, mshukuru uondoke.

Kama mfuko hauruhusu gari zima, anza na boneti, bampa la mbele, vioo vya pembeni na sehemu za chini nyuma ya matairi.

Likishabandikwa, lisioshwe kwa wiki nzima. Viputo vidogo vya maji vitajikausha vyenyewe kwa siku kadhaa, usivitoboe kwa sindano. Na safari ndefu kama ya Newala iahirishe kwa wiki hiyo, au panda basi.