Gogogo wa Ziwa Tanganyika kwenye tangi la nyumbani: anza na sakafu

Wengi hununua gogogo, samaki mwenye sharubu wa jamii ya kambare, ili asafishe tangi la samaki. Muuzaji anawaambia atakula uchafu wa wenzake, wanamtia majini na kumsahau. Baada ya miezi michache samaki amekonda, tumbo limeingia ndani, na tangi halijawa safi. Gogogo hashibi kwa kinyesi. Gogogo anataka chakula chake na sakafu yake, na ukimpa hivyo viwili utakaa naye miaka mingi.

Ninayemzungumzia ni yule wa madoadoa, Synodontis multipunctatus, anayepatikana Ziwa Tanganyika peke yake. Mwili wake ni kahawia ya kung'aa, madoa meusi, macho makubwa, mapezi yamezungushiwa weupe. Tangini hufika sentimita 15 hivi.

Hatua ya 1: Tangi

Huyu ni samaki wa kundi. Akiwa peke yake hushinda mafichoni, wakiwa watano utawaona hata mchana. Kwa watano tumia tangi la urefu wa sentimita 120, upana 45 na kimo 45. Likijaa lina lita 240 hivi, yaani kilo 240 za maji kabla hujaweka jiwe hata moja, kwa hiyo meza ya televisheni haitalibeba.

Hatua ya 2: Sakafu

Hapa ndipo naomba usiharakishe. Gogogo hutafuta chakula kwa sharubu, jozi tatu, na zile za chini zina vitawi kama vijimizizi. Usiku kucha huzipitisha mchangani. Mchanga ukiwa na kingo kali, ni kama kutembea pekupeku juu ya chupa zilizovunjika.

Mimi nilianza na vumbi la kokoto kwa sababu lilikuwa jeusi na lilipendeza. Mwezi wa pili niliona samaki wawili sharubu zao za chini zimebaki vishina, ncha zimekuwa nyekundu. Nilitoa sakafu yote siku hiyo hiyo nikaweka mchanga wa mtoni. Sharubu za mmoja ziliota tena, za mwenzake hazikurudi, na hadi leo nikimtazama naumia.

Basi jaribu hivi: chukua mchanga mkavu, usugue kwa nguvu ndani ya kifundo cha mkono, pale ngozi ilipo laini. Ukikukwaruza, utamkwaruza na yeye. Unaofaa uchekeche, kisha uoshe kwenye ndoo, ukiukoroga na kumwaga, mpaka maji yatoke meupe. Kina cha sentimita 3 hadi 5 kinatosha.

Mawe yatangulie, mchanga ufuate. Yakae juu ya kioo chenyewe (weka kipande cha plastiki katikati), maana samaki wakichimba chini ya jiwe lililosimama juu ya mchanga, litawaangukia au litapasua tangi. Acha mapango mengi kuliko idadi ya samaki. Chungu kilichovunjika kinafaa sana, ukisha kulainisha kingo.

Hatua ya 3: Maji

Ziwa Tanganyika lina maji magumu, yaani yenye madini mengi, na pH yake (kipimo cha uasidi au ualikali wa maji) ni karibu 9. Tangini lenga 8 hadi 9. Kama maji yako ni laini, weka kombe za pwani zilizokufa, zilizooshwa na kuchemshwa, ndani ya filta. Joto liwe nyuzi 24 hadi 27. Arusha au Nairobi utahitaji hita, lakini Dar es Salaam mwezi wa pili shida ni joto kuzidi: elekeza feni juu ya maji na uongeze pampu ya hewa. Tafuta ya betri pia, kwa ajili ya siku umeme ukikatika.

Washa filta na usubiri wiki 4 hadi 6 kabla ya kuleta samaki, ukitia punje chache za chakula kila siku ili bakteria wanaovunja sumu za uchafu wapate cha kula. Usiruke hatua hii: pH ikiwa juu, amonia itokanayo na kinyesi na mabaki ya chakula huwa sumu kali zaidi. Pima mpaka amonia na nitriti (sumu nyingine, inayotokana na amonia) ziwe sifuri. Baada ya hapo badilisha robo ya maji kila wiki, na uondoe klorini kwanza kwenye maji mapya.

Hatua ya 4: Chakula

Lisha baada ya kuzima taa. Tumia vidonge vinavyozama, na mara mbili kwa wiki uduvi au minyoo ya ardhini iliyooshwa. Konokono wadogo wakiwemo tangini, gogogo watawala wenyewe.

Hatua ya 5: Kumhamisha

Usitumie wavu. Miiba ya mapezi ya kifuani na mgongoni hujifunga ikiwa imesimama, inanasa kwenye nyuzi, na utaishia kukata wavu kwa mkasi huku samaki anatoa mlio wa kukwaruza. Mwelekeze kwenye kopo la plastiki lenye mdomo mpana, umtoe pamoja na maji.

Ukitaka wazae

Wafuge na sikilidi, samaki wa jamii ya perege, wale wanaoatamia mayai mdomoni. Mwaka 1986 mtafiti Tetsu Sato alieleza jinsi gogogo huyu anavyopenyeza mayai yake wakati sikilidi wanataga, mama akayaokota pamoja na yake. Ya gogogo huanguliwa mapema, na vifaranga hula watoto wa mwenyeji humo humo mdomoni. Ukiona sikilidi jike kavimba shavu, na siku anapofungua mdomo wanatoka vijisamaki vyenye sharubu, watoe kwa kopo uwape tangi lao.