SOMO: Kinywe (grafiti) cha kutengenezwa, kutoka koki hadi elektrodi (fimbo ya kupitisha umeme)

Swali la "mkaa ukichomwa sana unageuka kinywe?" limenichosha. Haugeuki. Someni kwanza.

1. Koki ya petroli (kaboni ngumu inayobaki mafuta ghafi yakisafishwa) ichomwe nyuzi 1,200 hadi 1,350 za Selsiasi, imalize kunywea.
2. Saga, chekecha.
3. Kanda na lami ya makaa ya mawe ikiwa ya moto, nyuzi 150 hivi.
4. Sukuma kwenye tundu la chuma, poza.
5. Oka hadi nyuzi 800–1,000. Hapa ndipo mizigo inapofia. Lami hulainika tena, kwa hiyo kipande kifukiwe kwenye unga wa koki: kisipinde, kisipate hewa kikaungua. Kati ya nyuzi 200 na 600 lami inatoa gesi kwa wingi. Ukikimbiza moto, gesi inapasua kipande kwa ndani na kwa nje huoni kitu. Panda nyuzi chache tu kwa saa. Ni kazi ya wiki kadhaa. USIFUNGUE tanuri likiwa moto. Kikipoa, kigonge: kizima kinalia kama kengele, chenye ufa kinatoa mlio mfu.
6. Kinyweshe lami kwa shinikizo, kioke tena.
7. Tanuri la Acheson (hataza ya 1896): umeme unapita kwenye mzigo hadi nyuzi 2,600–3,000, kaboni inajipanga matabaka.
8. Chonga.

Maswali yenu na majibu yangu:

Mkuu, jiko la gesi halitoshi?
Hatua ya 7 umeisoma?

Hatua ya 6 naweza kuiruka?
Unaweza, ukitaka kipande chenye matundu kinachokatika upesi.

Mkaa unakwama wapi hata kwa nyuzi 3,000?
Swali zuri. Mti hauyeyuki unapoungua, matabaka yake yanafungana ovyo na hayafunguki tena. Koki ilipita hali ya kimiminika, matabaka yakapata nafasi ya kulala sambamba. Mwanakemia Mwingereza Rosalind Franklin alizitofautisha kaboni hizi mbili, inayogeuka kinywe na isiyogeuka, mwaka 1951.

Kipande kilivimba tanurini hatua ya 7.
Salfa hiyo. Inatoka kwa kishindo kati ya nyuzi 1,500 na 2,000. Tafuta koki yenye salfa kidogo, au changanya unga wa oksidi ya chuma hatua ya 3.

Na kinywe cha Mahenge, Tanzania?
Hicho ni cha asili, magamba tayari. Kwa betri huviringishwa na kupakwa lami.

Muuzaji akiniuzia kilichookwa tu, bila hatua ya 7, nitajuaje?
Chukua msumeno wa chuma. Kinywe kinakatika laini na kuandika karatasini. Kilichookwa tu kinakula meno ya msumeno.