Moyo wa kupandikizwa ukianza kwenda mbio au kusuasua, fanyeni hivi

Hii ni kwa wenye mgonjwa aliyepandikizwa moyo nje ya nchi na sasa yuko nao hapa Dar.

Moyo huo mishipa yake ya fahamu ilikatwa kwenye upasuaji, kwa hiyo mapigo 90 hadi 110 kwa dakika akiwa amekaa tu ni kawaida yake, msihangaike. Ila mpimeni kila asubuhi kabla hajanyanyuka kitandani, vidole viwili kwenye kifundo cha mkono upande wa kidole gumba, na hesabu dakika nzima maana ukihesabu sekunde 15 ukazidisha, yale yanayorukaruka yanakupita. Andika kwenye daftari.

Yakibadilika ghafla, yakiruka, au akipata kizunguzungu, pumzi zikikata, miguu ikivimba, hospitali siku hiyohiyo, na akizimia hiyo ni dharura. Tafadhali msisubiri maumivu ya kifua, kwa sababu ya ile mishipa anaweza asiyasikie kabisa.

Mkifika tu semeni moyo ni wa kupandikizwa, na hakikisheni imeandikwa kwenye faili, hapa ndo pa kukazania kweli. Maana dawa za mapigo kwao hufanya kazi tofauti: atropini, ya kupandisha mapigo, kwa kawaida haiwapandishii, adenosini, ya kukata mapigo ya mbio, inawapiga kwa nguvu mno hivyo dozi inapunguzwa, na digoksini haisaidii sana kupunguza kasi. Diltiazemu na verapamili, nazo za kupunguza kasi, zinapandisha takrolimasi au saiklosporini (dawa zake za kuzuia mwili usiukatae moyo) kwenye damu, figo zikaumia.

Daktari ataanza kujiuliza kama mwili unaukataa moyo. Kuna ECG (kipimo cha umeme wa moyo), eko (picha ya moyo kwa mawimbi ya sauti), potasiamu na magneziamu, kiwango cha takrolimasi au saiklosporini kwenye damu (asubuhi hiyo asimeze dozi yake, aibebe, ameze akishatolewa damu), na pengine kuchukua kinyama kidogo cha moyo. Ikiwa ni kukataliwa, kawaida anapewa steroidi nyingi kwa mshipa, na mara nyingi mdundo unatulia baada ya hapo. Isipokuwa hivyo, mapigo ya polepole yasiyopona yanawekewa betri ya moyo, na ya mbio yanayoanzia vyumba vya juu vya moyo yanaweza kutibiwa kwa kuchoma sehemu yanakoanzia kwa katheta, mrija mwembamba unaopitishwa kwenye mshipa hadi moyoni. Mkiwa JKCI (Taasisi ya Moyo Jakaya Kikwete) pale Muhimbili waombeni waongee na timu iliyompandikiza kabla ya kubadili dawa yoyote.

Na duka la dawa la mtaani, jamani, msimnunulie klarithromaisini (antibayotiki) wala flukonazoli (dawa ya fangasi) kienyeji, zinapandisha takrolimasi vilevile, na balungi asile.