Somo: Rekodi ya skrini ina ukungu, inagandaganda, au haihifadhiki

Somo hili ni la wanaorekodi vipindi vya darasani, Excel na slaidi kwa OBS Studio, programu ya kurekodi skrini, kwenye Windows. Tunaanza na kuhifadhi ndipo tuje kwenye ubora. Picha iwe safi namna gani, faili lisipofunguka hakuna kitu.

1. Aina ya faili. Fungua Settings, ingia Output, na kwenye Recording Format chagua MKV. MP4 ya kawaida huandika faharasa yake, yaani orodha inayoonyesha picha na sauti zilipo ndani ya faili, mwishoni kabisa, pale unapobonyeza kusimamisha. Umeme ukikatika kabla ya hapo, jambo ambalo wenye kompyuta za mezani zisizo na UPS (betri ya akiba) pale Ngamiani, Tanga, hawahitaji kuelezwa, faili linabaki na uzito wake wote lakini halichezi. MKV ikikatishwa hupoteza sekunde za mwisho tu. Ukishamaliza, nenda File, bonyeza Remux Recordings, ugeuze iwe MP4. Picha haiguswi, kwa hiyo ubora haushuki.

2. Pa kuhifadhi. Usirekodi moja kwa moja kwenye flashi. Flashi yenye mfumo wa FAT32 haipokei faili moja linalozidi GB 4, hata kama ina nafasi ya GB 30. Kwa kilobiti 6,000 kwa sekunde, saa moja hula takriban GB 2.7, kwa hiyo rekodi itagota kwenye saa moja na nusu hivi. Rekodi kwenye diski ya ndani kisha nakili. Flashi yenyewe ifomati kwa exFAT, ila hamisha vilivyomo kwanza maana vyote vitafutika.

3. Ukungu. Mara nyingi kosa ni Recording Quality kuachwa kwenye Same as stream. Hapo OBS inatumia kiwango cha kilobiti kilichowekwa kwa ajili ya kurusha mubashara. Chagua High Quality.

Kisha ingia Video, uangalie vipimo vya picha, Base na Output. Zote mbili ziwe sawa na skrini yako. Laptopu za mtumba nyingi ni 1366×768; ukiilazimisha itoe 1920×1080 huongezi usafi, unavuta picha tu na kuchosha prosesa. Kinyume chake pia kina hasara: skrini ya 1920×1080 ikishushwa hadi 1280×720, tarakimu ndogo za Excel hazisomeki. Fremu 30 kwa sekunde zinatosha, na kwa slaidi hata 20. Anayeweka 60 kufundishia hesabu anajitafutia kugandaganda bure.

4. Kugandaganda. Fungua dirisha la Stats wakati unarekodi. Namba ya encoding lag ikipanda, kazi ya kubana video imezidi uwezo. Kwenye Output hamisha enkoda (kibana video) kutoka x264, inayotumia prosesa, kwenda QSV kwa kadi ya picha ya Intel au NVENC kwa ya NVIDIA. Ikipanda rendering lag, mzigo uko kwenye kadi ya picha: shusha fremu, funga programu nyingine.

Maswali ya wanachama

*Mwalimu, shikamoo. Sauti ipo, lakini picha nyeusi tupu.*
Marahaba. Huenda laptopu yako ina kadi mbili za picha. Nenda Settings ya Windows, System, Display, Graphics. Ongeza OBS na uipe Power saving, kisha uifunge na kuifungua upya. Hiyo ni kwa kurekodi skrini nzima. Kwa gemu, chagua High performance.

*Ndugu zangu, nikibonyeza kuanza inakataa, na diski ina nafasi tele.*
Tengeneza folda mpya, mfano D:\Rekodi, uielekeze OBS huko. Ikikubali, huenda mzuiaji ni Controlled folder access ya Windows Security, inayolinda folda kama Videos. Unaweza kuiruhusu OBS humo, au ubaki na folda mpya.

*MP4 yangu ilikatwa na umeme. Itapona?*
Usiifute. Rekodi nyingine fupi kwa mashine ileile na mipangilio ileile, kisha tumia programu ya Untrunc: inasoma hilo faili jipya lisilo na hitilafu ili ilijengee lililovunjika faharasa. Si kila faili hupona.

*Kwangu ni safi, dada yangu wa Pangani akiipokea WhatsApp ni ukungu.*
WhatsApp huibana video. Itume kama dokumenti.