Chanjo ya homa ya mafua: thibitisha haijaganda kabla ya kuchoma

Juzi nilimsaidia muuguzi mgeni kuandaa zoezi la kuwachanja wazee na mahujaji hapa Mombasa. Nayaandika tuliyopitia kwa wenzangu wa kliniki ndogo.

1. Dozi zikiwa chache, anza na wajawazito (mimba ya umri wowote), wazee, wahudumu wa afya na wenye kisukari, pumu au ugonjwa wa moyo. Anayekwenda Hija achomwe walau wiki 2 kabla ya safari.

2. Soma msimu ulioandikwa kwenye boksi. WHO hupendekeza aina za virusi kila Februari kwa kizio cha kaskazini na kila Septemba kwa kizio cha kusini. Kwetu Kenya virusi huzunguka mwaka mzima, kwa hiyo toa iliyo mpya zaidi.

3. Ubaridi. Chanjo hii hukaa nyuzi 2 hadi 8. Wengi wanahofia joto, lakini barafu ni hatari zaidi kwa sababu haiachi alama. Tumezoea kutikisa kichupa na kutazama chembe zinavyozama. Kipimo hicho ni cha chanjo zenye aluminiamu, kama ya pepopunda. Chanjo nyingi za homa ya mafua hazina aluminiamu, hivyo iliyoganda ikayeyuka inaweza kuonekana safi kabisa na isimkinge mtu. Alama ya mraba inayobadilika rangi kwenye kichupa nayo hupima joto tu.

Basi usitoe pakiti za barafu kwenye friza ukazitia moja kwa moja kwenye kibebeo cha chanjo. Ziache nje mpaka ukizitikisa usikie maji ndani, kila moja. Kwenye friji, maboksi yasiguse ukuta wa nyuma wala yasikae chini ya friza. Kipimajoto cha mshale sikiamini hata kidogo, maana hakikuambii kilichotokea saa nane za usiku. Nunueni cha kidijitali kinachoweka rekodi. Kikionyesha chini ya nyuzi -0.5 kwa saa nzima, tenga dozi zote, andika USITUMIE, kisha mpigie msimamizi.

4. Choma mililita 0.5 kwenye msuli wa bega; mtoto wa miezi 6 hadi mwaka, pajani. Aliye chini ya miaka 9 na hajawahi kuchanjwa apate dozi 2, wiki 4 kati yake.

5. Aliyechomwa akae dakika 15, adrenalini (dawa ya mzio mkali) ikiwa karibu. Andika namba ya toleo kwenye kadi na rejista: rekodi ya friji ikija kuonyesha kuganda, hiyo ndiyo itakayokufikisha kwa wanaopaswa kuchomwa upya.