Kabla ya kuinua pikapu kwa bloki: ya kuangalia mapema

Mvua za Machi zikikaribia, mwenye pikapu ya kupanda Amani au Mlalo, au ya kukata njia ya Saadani yenye udongo mweusi, huanza kuwaza namna ya kuliinua gari lake lisilalie tumbo kwenye tope. Njia rahisi kuliko zote kwa mfuko ni bloki: kipande cha chuma kinachokaa kati ya springi za majani na ekseli ya nyuma, kikabanwa kwa yubolti (bolti zenye umbo la U) ndefu zaidi ya zile za mwanzo. Sina ugomvi na bloki. Zipo pikapu kubwa za Marekani, Ford F-250 mojawapo, zinazotoka kiwandani zikiwa nazo nyuma. Ila bloki ikishabadilisha kimo cha gari, imegusa pia breki, propela (shafti inayopeleka nguvu ya injini kwenye ekseli ya nyuma) na namna ekseli inavyoshikwa, na hayo yaangaliwe kabla jeki haijaingia chini.

Ujue kwanza unanunua nini. Bloki inainua chasisi na bodi. Difu, lile boksi la gia la katikati ya ekseli, inabaki palepale ilipokuwa, kwa sababu ekseli imekaa juu ya matairi, na matairi hayajabadilika. Kama shida yako ni difu kugonga mawe, bloki haitakusaidia hata kidogo. Hapo unazungumzia matairi makubwa zaidi. Kama shida ni matairi mapya kugusa madigadi, au mkia wa gari kuburuza unapotoka kwenye korongo, hapo bloki ina kazi.

Kisha lala chini ya gari ulitazame. Springi ziko juu ya ekseli au chini yake? Bloki hufanya kazi pale springi zilipolala juu ya ekseli. Gari ambalo springi zake zimepita chini ya ekseli, ukitia bloki katikati, litashuka.

Mbele usiweke bloki kabisa. Gari likifunga breki, uzito unakimbilia mbele na ekseli ya mbele inataka kujizungusha. Vilevile ndiyo iliyoshikana na fito za usukani. Ukiweka kipande cha kuinua hapo, ekseli inapata nafasi ya kupinda springi kila unapokanyaga breki, na gari linaweza kuvuta upande bila wewe kugusa usukani. Bloki ya mbele ikichomoka, umeshapoteza usukani. Anayetaka mbele pawe juu na atengenezewe springi zenyewe, na fundi akikubembeleza kwamba ni inchi moja tu, kataa.

Kuhusu bloki yenyewe, iwe moja kila upande, ya kipande kimoja, yenye upana sawa na springi na sawa na kikalio chake kwenye ekseli. Kupandanisha mbili ili kupata kimo ni hatari, maana kila maungio ni mahali pa kuteleza. Mbao hapana. Kipande cha skwea paipu kilichokatwa na kuchomelewa pale gereji hapana pia, kwa sababu kina uwazi ndani na kitabonyea siku gari limejaa machungwa ya Muheza. Tazama pini ya bloki: iingie sawasawa kwenye tundu la kikalio, na kichwa cha senta bolti ya springi (ile inayobana majani yake pamoja) kiingie kwenye tundu la bloki bila kucheza. Pini hizo ndizo zinazoiweka ekseli mahali pake. Zikilegea, gari litatembea kiubavu. Kwa sisi tunaokaa karibu na bahari kuna jambo la ziada. Bloki za alumini zikigusana na chuma palipo na chumvi, alumini ndiyo inayoliwa. Gari linalopita mchangani Pangani bora lipewe bloki za chuma zilizopigwa rangi, na lioshwe kwa maji yasiyo na chumvi chini kote likirudi.

Yubolti ziwe mpya. Hapa ndipo mabishano hutokea, kwa sababu fundi atakwambia, "Bosi, hizi za zamani bado nzima," na kwa macho zinaonekana nzima kweli. Lakini yubolti hukaza kwa kuvutika. Ikishavutwa mara moja na meno yake yakashika umbo la nati, ukiikaza upya haitabana kama mwanzo. Na kwa vyovyote zile za zamani ni fupi kwa kazi hii. Zikitengenezwa mjini, ulizia chuma kilichotumika na usikubali nondo, wala chuma kilichopashwa moto kwa gesi ili kipindike. Mpindo wake ufuate umbo la ekseli, na nati zikishakazwa yabaki meno kadhaa nje. Ukazaji ufanyike gari likiwa limesimama kwa matairi yake, kwa kupishana kona kwa kona, kwa toki renchi na kipimo cha gari lako.

Sasa propela. Kila unapotia gia na kuondoka, difu inataka kuinua pua yake juu, na springi ndiyo inayoizuia. Bloki inaipeleka springi mbali na ekseli, hivyo nguvu ile ya kuzungusha inapata mkono mrefu, kama mtu anayefungua nati kwa spana iliyoongezwa bomba. Springi inapinda, tairi linarukaruka kwenye utelezi, krosi (viungo vya propela) zinasagika. Ndiyo maana mimi binafsi sishauri kupita inchi 3 kwa bloki pekee bila kuongeza fito ya kuizuia ekseli isizunguke. Zipo bloki zilizochongwa mshazari za kurekebisha pembe ya propela. Kwa kawaida upande mnene hukaa nyuma ili pua ya difu ielekee juu. Zikigeuzwa, unaharibu kile ulichotaka kutengeneza, kwa hiyo pembe ipimwe kabla na baada.

Breki ndizo zinazonihangaisha zaidi ya yote, na ndizo zinazosahaulika. Pikapu nyingi, Hilux za zamani zikiwamo, zina vali ya breki za nyuma inayosoma mzigo. Imefungwa kwenye chasisi, na fito yake imeshikwa kwenye ekseli. Gari likiwa tupu, chasisi iko juu, na vali inapunguza nguvu ya breki za nyuma ili matairi yasijifunge. Gari likijaa, chasisi inashuka, na vali inafungua zaidi. Ukishaweka bloki, chasisi iko juu wakati wote, na vali inaamini gari ni tupu hata ukiwa umepakia kabichi za Lushoto hadi juu ya keria. Unateremka kona za kwenda Mombo ukiwa na mzigo mzima, na breki za nyuma zinafanya kazi ya gari tupu. Za mbele zinabeba yote na kupata moto. Fito ile irekebishwe au kikalio chake kiongezwe kimo sawa na bloki. Ikiwa fundi hajui vali hiyo iko wapi, usimwachie gari.

Papo hapo angalia mpira wa breki wa nyuma, kebo ya hendibreki na waya wa ABS (mfumo wa kuzuia matairi yasijifunge) kama upo. Nyanyua chasisi mpaka ekseli ining'inie, uone kama kuna kilichokaza. Shokapu nazo zisifike mwisho wa urefu wake. Raba za kuzuia ekseli isigonge chasisi ziongezwe kimo kile kile cha bloki, la sivyo springi itapinda kupita kiasi na tairi litafika kwenye bodi. Taa za mbele zitakuwa zimeinamia barabara, zipangwe upya.

Kwa anayebeba mizigo kila wiki, ningemwambia aachane na bloki, aongeze jani la springi au atengenezewe springi mpya zenye upinde wa kutosha. Bei ni kubwa zaidi, lakini ekseli inabaki imeshikwa na springi moja kwa moja.

Ukishaweka, kazi haijaisha. Baada ya kilomita 100 hivi rudi ukaze nati, kisha tena kwenye kilomita 800, na kila baada ya safari ya njia mbaya. Chora mstari wa rangi kutoka kwenye nati hadi kwenye bamba lake, ili uone kwa jicho tu kama imezunguka. Ukiona vumbi jekundu la kutu likitoka kati ya bloki na springi, au ukisikia mgoto nyuma unapotia gia, kuna kitu kinacheza. Shusha mzigo hapo hapo, na gari lisiteremke mlima mpaka litazamwe.