Kufundisha Kiingereza Japani: mchunguze mwajiri kabla hujasaini

Siku hizi matangazo ya kufundisha Kiingereza Japani yanazunguka sana kwa magrupu ya WhatsApp ya walimu, kuanzia Nakuru mpaka Kisumu na Kakamega, na naelewa kwa nini. Mtu amemaliza Maseno ama Egerton, ako na namba ya TSC, ile tume ya kuajiri walimu, miaka inaenda na bado anafundisha kwa mkataba wa bodi ya shule, yaani BOM, kwa pesa ya nauli na sabuni tu, kwa hivyo akiona yen laki mbili na nusu kwa mwezi anapiga hesabu ya shilingi hapo hapo kwa simu na hataki kusikia kitu ingine. Mimi nawaomba muweke mshahara kando kidogo muulize kwanza, nani ndiye mwajiri wangu haswa? Kule shule unayofundisha na kampuni inayokulipa mara nyingi ni vitu viwili tofauti, na wengi wanajua hivyo wakiwa wamefika tayari.

Anza na JET. Hii ni programu ya serikali ya Japani yenyewe ya kupeleka walimu wasaidizi wa Kiingereza mashuleni, iko tangu 1987, Kenya ni moja ya nchi zinazoshiriki na unaomba kupitia ubalozi wa Japani Nairobi. Kuomba ni bure. Ukichukuliwa, anayekuajiri ni serikali ya mtaa ama bodi ya elimu ya huko, tiketi ya ndege unalipiwa, mkataba ni wa mwaka mmoja na unaweza kuongezwa mpaka miaka mitano. Mshahara wa mwaka wa kwanza ulikaa yen milioni 3.36 kwa muda mrefu, 2025 ukapandishwa hadi kama milioni 4.02. Shida ni kwamba pahali huchagui, unaweza kuandika Osaka ukapelekwa kijijini kwenye theluji, na safari ya maombi ni ndefu, unatuma fomu miezi ya mwisho ya mwaka, intavyu ni mwaka unaofuata, kuondoka ni Julai ama Agosti. Hata hivyo nasema mtu wa kutoka huku aanze hapo, hata kama ni kungoja mwaka mzima, kwa sababu hakuna mtu katikati anayekula jasho lako.

Ya pili ni kampuni za kusambaza walimu mashuleni, Interac ndiyo inayojulikana zaidi. Hapa bodi ya elimu inalipa kampuni, kampuni inatoa yake, wewe unapewa kinachobaki. Si vibaya, wengi wameingia Japani kwa mlango huo na wakasonga mbele, lakini jua kwamba bodi inaweza kupatia kampuni ingine zabuni mwaka wa shule ukiisha Machi na wewe uhamishwe ama ukose shule. Halafu uliza kuhusu Agosti. Shule zikifunga kuna kampuni zinakata mshahara nusu ama zaidi, vivyo hivyo Desemba na Machi, kwa hivyo ile laki mbili na nusu ya tangazo si ya miezi yote kumi na miwili. Waambie wakuandikie utapata ngapi kwa mwaka mzima, mwezi kwa mwezi.

Ya tatu ni eikaiwa, shule za kibinafsi za maongezi kama AEON, ECC, Berlitz na NOVA. Wanafunzi wengi ni watu wazima wanaotoka kazini na watoto wa jioni, kwa hivyo unaanza mchana unamaliza saa tatu usiku, na Jumamosi uko kazini. Hapo kwa NOVA historia yake inafaa kujulikana: ilianguka Oktoba 2007 na maelfu ya walimu wa kigeni wakabaki bila mshahara, wengine wakafukuzwa hadi kwa nyumba kwa sababu nyumba ilikuwa ya kupitia kampuni, walikuwa wanakatwa kodi ya nyumba kwa mshahara na mwenye nyumba hapati kitu. Jina lilichukuliwa na wamiliki wengine na bado lipo. Funzo ni kwamba mwajiri akikupatia na nyumba, uliza kama mkataba wa nyumba uko kwa jina lako na kodi inaenda moja kwa moja kwa nani.

Shule za kimataifa nazo zinataka mwalimu aliyesomea ualimu, kwa hivyo mwenye B.Ed na uzoefu asijidharau, atume. Vyuo vikuu vinataka masters.

Kuna hii kitu ya tangazo kuandika wanataka mzungumzaji wa kuzaliwa wa Kiingereza. Inauma, najua, na shule zingine hazitakujibu kabisa ukisema Kenya. Lakini viza haiangalii hivyo, inadai digrii, na mara nyingi unatakiwa kuonyesha umesoma miaka 12 kwa Kiingereza, na aliyepita 8-4-4 hiyo miaka anayo, nane ya primary na minne ya sekondari. Weka vyeti vya KCPE na KCSE na barua za shule pamoja. Mwajiri ambaye haelewi hilo hata ukimwonyesha, mwache uende kwa mwingine.

Sasa mkataba. Hapa ndipo nataka mkae sana. Kuna binti mmoja wa Kondele aliniletea wake tukausoma polepole mstari kwa mstari. Ukurasa wa kwanza mzuri, yen 230,000. Ukurasa wa tatu imeandikwa masaa ya kazi ni 29.5 kwa wiki. Akaniuliza, si hiyo ni poa, kazi kidogo? Hapana. Robo tatu ya wiki ya masaa 40 ni 30, na aliyefika hapo lazima mwajiri amwandikishe kwa bima ya afya na pensheni ya wafanyakazi, ambayo mwajiri analipa nusu. Nusu saa hiyo imetolewa makusudi. Ukiachwa nje unalipa mwenyewe, pensheni ya taifa peke yake mwaka wa fedha wa 2025 ilikuwa yen 17,510 kila mwezi, na bima ya afya juu yake. Lakini sheria imebadilika, tangu Oktoba 2024 kampuni yenye wafanyakazi 51 kwenda juu inafaa kuandikisha hata mwenye masaa 20. Kwa hivyo kampuni kubwa ikikuambia eti 29.5 haina bima, waulize kwa maandishi kwa nini, na majibu yao yatakuonyesha ni watu wa aina gani.

Angalia pia kama wanakuita mfanyakazi ama mtu wa kujitegemea. Ukiwa wa kujitegemea hauna likizo ya kulipwa wala bima ya mwajiri. Mfanyakazi anapata siku 10 za likizo ya malipo baada ya miezi sita. Na ukiona kipengele cha kusema ukiacha kazi mapema utalipa faini ya kiasi fulani, sheria ya kazi ya Japani kifungu cha 16 inakataza faini za kupangwa hivyo. Mwajiri anayeiweka ama hajui sheria ama anategemea wewe huijui.

Ajenti wa huku nyumbani mwangalie kwa macho mawili. Tafuta jina lake kwenye orodha ya NEA, mamlaka ya ajira ya Kenya, ya ajenti waliosajiliwa, si cheti amekuonyesha kwa simu. Tumeona wazazi wa Uasin Gishu walivyoumia na ule mpango wa masomo ya Finland, walilipa na watoto wengi hawakuenda, na ule ulipitia kwa kaunti. Akikuambia utaenda na viza ya utalii halafu utabadilishiwa huko, ondoka. Njia ya kawaida ni mwajiri kukuombea hati ya ustahiki kutoka uhamiaji wa Japani, ndiyo unapeleka ubalozini kuchukua viza. Na pasipoti yako haikai kwa droo ya mtu.

Beba pesa ya kukaa kama miezi miwili, maana ukianza Aprili mara nyingi mshahara wa kwanza ni mwisho wa Mei, na nyumba inataka amana kabla hujalala.

Jambo lingine mnalotishwa nalo bure: ati ukiacha mwajiri viza imekufa. Viza ni yako mpaka tarehe iliyoandikwa kwa kadi yako ya ukaazi. Ukibadilisha mwajiri unajulisha uhamiaji ndani ya siku 14, na usikae zaidi ya miezi mitatu bila kazi kama huna sababu ya maana, kwa sababu wanaweza kuifuta. Tahadhari moja, viza ya mwalimu wa shule za serikali si ile ya eikaiwa, kwa hivyo kuhama kutoka upande mmoja hadi mwingine lazima ubadilishe aina ya viza kwanza ndiyo uanze kazi.